Kabla ya kutia mega, bana folda

Wiki iliyopita mama mmoja anayeleta mizigo kutoka mpakani Kasumbalesa alikuja kwetu, hapa Kamalondo mjini Lubumbashi, fleshi mkononi. Mtunza hesabu wake aliyeko Likasi alikuwa anangoja hesabu za miaka 3. Ili kuzituma, mama alikuwa ametia mega, yaani bando la intaneti, mara mbili, na mara zote mbili ziliisha kabla folda haijafika.

Hatukukimbilia kubana, yaani kupunguza ukubwa wa mafaili. Tulifungua terminali, dirisha la kuandikia amri, tukaingia kwenye folda hiyo, tukaandika:

du -sh *

Amri hii hupima uzito wa kila kilichomo, folda kwa folda, faili kwa faili. Mama aliamini hesabu ndizo zinazolemea. Kumbe hesabu zilikuwa nyepesi. Kilicholemea ni video za harusi ya mdogo wake, zilizonakiliwa humo siku moja ya haraka. Ndiyo maana tunawaomba wateja wetu wapime kwanza. Mara nyingi shida huisha hapohapo.

Kisha tukabana folda ya hesabu peke yake:

tar -czf hesabu.tar.gz hesabu

Hapo kuna kazi mbili, na wengi huzichanganya. tar hufunga mafaili mengi kuwa furushi moja. Ni programu ya zamani, ilikuja na mfumo wa kompyuta wa Unix wa mwaka 1979 kwa ajili ya kuhifadhi kwenye tepu, na yenyewe haipunguzi kitu. Inayopunguza ni gzip, ya mwaka 1992, tunayoiita kwa ile herufi z. Herufi c ni ya kutengeneza, na f hutangulia jina la furushi.

gzip husoma faili ikitafuta yanayojirudia. Ikikuta mfululizo iliouona karibuni, haiuandiki tena: huweka alama fupi ya kurudi nyuma na kunakili. Orodha ya mauzo imejaa marudio, tarehe zilezile, gunia la unga, gunia la unga, kwa hiyo hunywea sana. Picha za JPEG na video za MP4 zimeshabanwa tangu zilipotoka kwenye simu. Ukizibana tena utamaliza betri tu.

Wanafunzi mnaotuletea TFC, zile kazi za mwisho wa masomo, zilizoskaniwa kwa PDF, jambo hili linawahusu. Kurasa hizo ni picha, na zip haitawasaidia. Sisi hutumia Ghostscript, programu ya kushughulikia PDF, kushusha picha hadi nukta 150 kwa inchi. Maandishi husomeka vizuri, na faili hupungua kweli.

Mpokeaji akiwa na Windows, mtumie zip asihangaike:

zip -r hesabu.zip hesabu

Sasa la hatari, na tunaomba mlisome polepole. Ukiandika gzip mauzo.csv, faili la asili huondolewa na kubaki mauzo.csv.gz peke yake. Ndivyo programu ilivyotengenezwa. Ongeza -k ili la asili libaki. Halafu umeme wetu mnaujua. Ukikatika katikati ya kazi, furushi hubaki nusu, lakini jina lake huonekana kwenye folda kama kawaida. Tuliwahi kumpokea kijana aliyefuta mafaili yake kwa kuliamini jina hilo. Memwari yake, yaani tasnifu yake ya chuo, kazi ya miezi mingi, ilikuwa humo, na tuliokoa sehemu tu. Ilituuma sana. Kwa hiyo kabla hujafuta chochote:

gzip -t hesabu.tar.gz

Ikikaa kimya, furushi ni zima. Ikilalamika, rudia kubana. Ukitaka kuona majina ya yaliyomo bila kufungua, andika tar -tzf hesabu.tar.gz.

Kwetu kazi hii hufanyika mbele ya mteja, kwenye skrini anayoiona. Njoo na fleshi mbili, kila moja ibebe furushi lake. Sisi hatufuti faili la asili la mtu. Mwenyewe ndiye atakayelifuta, akishafungua furushi na kuona kurasa zake kwa macho yake.