Mkichunguza ukoo wa bibi harusi, chunguzeni na wa bwana harusi

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliwashauri vijana, katika ukurasa huu huu, wauchunguze ukoo wa msichana kabla ya kupeleka mahari, eti mtoto mwenye matatizo ya akili hutoka upande wa mama. Naomba nafasi nimjibu.

Mimi ni fundi wa magari hapa Kirinyaga Road. Binti yangu ana miaka sita na ana ugonjwa uitwao Rett. Alizaliwa salama, akaketi, akatambaa, akaanza kuita “baba” na kudai uji kwa kelele. Kabla hajatimiza miaka miwili maneno yakampotea moja baada ya jingine. Kikombe alichokuwa akikishika mwenyewe, hakishiki tena. Mikono yake sasa haitulii: anaikunja na kuifikicha kifuani tangu asubuhi hadi usingizi umchukue.

Zahanati ya kwanza ilisema ni mtindio wa ubongo, ya pili ikasema usonji. Hatimaye damu ilipelekwa kupimwa nje ya nchi, nami nikauza pikipiki kulipia. Kijijini hawakungoja majibu. Shangazi zangu walishakata kauli kwamba mke wangu ametuletea laana ya kwao, na mama akanishauri nimrudishe.

Majibu yalipofika, daktari alitueleza kwa utaratibu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma. Ndani ya kila seli mna DNA, yaani maandishi ya urithi, yenye urefu wa takriban mita 2, imezungushwa kwenye protini na kukunjwa hadi ikaenea katika kiini kisichoonekana kwa macho. Seli ya ini na seli ya ubongo zina maandishi yale yale. Kinachozitofautisha ni sehemu zipi zimefunguliwa zisomwe na zipi zimefungwa. Jeni ni kipande cha DNA chenye maagizo, mara nyingi ya kutengeneza protini. Swichi ya jeni inaweza kuwa mbali kabisa na jeni yenyewe, na DNA hujipinda kitanzi ili viwili hivyo vikutane. Ubongo wa mtoto hujengwa kwa kufungua na kufunga huko, tangu tumboni hadi miaka mingi baada ya kuzaliwa.

Jeni iliyoharibika kwa binti yangu inaitwa MECP2. Protini yake huishika DNA mahali penye alama ndogo za kikemikali na kusaidia kuzidhibiti jeni nyingine, hasa katika neuroni, yaani seli za ubongo zinazopeleka ujumbe. Alama hizo huongezeka ubongoni baada ya mtoto kuzaliwa, na protini hiyo nayo huongezeka. Ndiyo sababu mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa miezi ya mwanzo. Na kipimo kikizidi pia ni balaa: wavulana wenye nakala mbili za jeni hii badala ya moja huugua vibaya. Fundi mwenzangu atanielewa. Oili ikipungua injini inaharibika, na ukiijaza kupita kiasi utaiharibu vilevile.

Sasa tuje kwenye lawama. MECP2 iko kwenye kromosomu X, mojawapo ya vifurushi vya DNA, na hapo wajuaji hudakia kwamba X ni ya mama. Msichana ana X mbili, moja ya mama na moja ya baba. Watafiti walipofuatilia familia za wasichana wenye Rett, waligundua kwamba mara nyingi hitilafu iko kwenye ile X iliyotoka kwa baba. Hutokea upya mbegu za kiume zinapotengenezwa, kwa sababu seli zinazozizalisha hugawanyika mara nyingi mno, na kila DNA inaponakiliwa kuna nafasi ya herufi kukosewa. Mke wangu alipimwa, nami nikapimwa, na damu zetu zote mbili hazina hitilafu hiyo. Chunguza ukoo hadi kizazi cha saba, hutaiona.

Nilimpigia mama simu nikamwambia kwamba kama ni lazima apatikane mshtakiwa, huenda ni mwanawe. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama ni pombe. Mama, sinywi, na unajua. Si pombe, si moshi wa gereji, si uzinzi.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa na daktari wa Vienna, Andreas Rett, mwaka 1966. Jeni ikajulikana 1999 katika maabara ya Huda Zoghbi huko Texas. Humpata takriban msichana 1 kati ya 10,000. Mwaka 2007 kikundi cha Adrian Bird huko Edinburgh kiliirudisha jeni hiyo ikafanya kazi katika panya waliokwisha kuugua, na panya wakapata nafuu kubwa. Maana yake neuroni zao hazikuwa zimekufa. Hapo nilisoma nikarudia, nikampa na mke wangu asome. Dawa ya kwanza, trofinetide, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, ingawa haiponyi. Hapa kwetu, watafiti wa Kilifi na wenzao wa Cape Town wamekuwa wakichunguza jeni za watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, na hilo lanipa moyo kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia.

Tulipata mtoto wa pili, mvulana, na sasa ana miezi minane. Ndugu walituonya sana tusizae tena. Lakini daktari alituambia kwamba wazazi ambao damu yao haina hitilafu hiyo, uwezekano wa kupata mtoto mwingine wa hivyo ni chini ya 1 kwa 100.

Mhariri, barua ile ilisomwa kwa sauti kwenye gereji yetu, na walioitikia walikuwa wengi. Mpe daktari wa watoto nafasi katika ukurasa huu huu, aandike kwa Kiswahili chepesi. Wajawazito wa ukoo wetu bado huambiwa wasikae karibu na mke wangu mazishini, na Desemba tunakwenda nyumbani. Ningependa niwe na kipande cha gazeti cha kumpa mama.

Fundi wa magari,
Kirinyaga Road, Nairobi