Flamenko Sevilla: chagua ukumbi kabla ya kuuliza chakula

Karibu kila mteja anayekwenda Hispania kupitia ofisi yetu hutuuliza akaone wapi flamenko, ile sanaa ya wimbo, gitaa na dansi ya kusini mwa Hispania. Kabla hatujamaliza kujibu, huja swali la pili: "Na chakula kimo?" Tumeandika makala hii kwa sababu ya hilo swali la pili. Limeshawaharibia watu jioni nzuri, nami ni mmoja wao.

Mara yangu ya kwanza Sevilla, mji wa jimbo la Andalusia, nilinunua tiketi ya onyesho pamoja na chakula cha usiku kwa kijana wa mapokezi hotelini. Ukumbi ulikuwa mkubwa, meza zimebanana, sisi tumewekwa nyuma karibu na mlango wa jikoni. Mwimbaji, mzee mwenye suti nyeusi, akaanza wimbo wa taratibu akiwa ameketi, mikono magotini. Sauti ilitoka kwa shida, inakwama, inajivuta tena, kama mtu anayepandisha ndoo nzito kutoka kisimani. Nywele zilinisimama. Papo hapo mhudumu akapita mbele yangu na sahani za wali, akiuliza nani aliagiza kuku. Alipoondoka, wimbo ulikuwa umekwisha na wacheza dansi wamepanda jukwaani. Nilishiba, lakini wimbo ule sikuupata tena.

Wageni wengi huja wakiamini flamenko ni dansi: gauni refu, visigino, maua kichwani. Wenyewe wa Andalusia watakwambia mama yake ni wimbo, wanaouita cante. Gitaa lilikuja kuusindikiza wimbo, na mcheza dansi anaucheza huo wimbo, hachezi juu ya muziki wa kanda. Tena mara nyingi hawa watu hawakufanya mazoezi pamoja. Mwimbaji, mpiga gitaa na mcheza dansi wanaweza kuwa wamekutana jioni ileile nyuma ya pazia, wakakubaliana tu wataanza na soleá, mtindo wa taratibu, na kumaliza na bulería, mtindo wa kasi. Kinachowaunganisha ni hesabu ya mapigo, mara nyingi 12, wanayoiita compás, na ishara ambazo kila msanii anazijua tangu utotoni.

Ukikaa karibu utaziona hizo ishara. Mcheza dansi anakuwa anatembea polepole, mabega yametulia, kisha anapiga visigino mara chache kwa nguvu na kusimama ghafla. Hiyo ni llamada, yaani anamwita mwimbaji aingie. Mwimbaji anavuta pumzi, anaingia, na mpiga gitaa, ambaye muda wote hakuyatoa macho kwenye miguu ya mwenzake, anabadilisha sauti za nyuzi hapohapo. Yote hayo ni chini ya sekunde tatu. Ukiwa meta 30 nyuma, mwimbaji anasikika kupitia vipaza sauti na miguu huioni kwa sababu ya vichwa vya watu, unabaki na kelele na rangi za magauni.

Kwa hiyo tunapompangia mteja, cha kwanza tunachouliza ni ukubwa wa chumba, na kama wanaimba bila kipaza sauti. Chakula tunakitafuta kwingine, baadaye. Sevilla watu wanakula usiku sana, saa tatu au saa nne, basi onyesho la saa moja jioni linakuacha na muda wa kutosha.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza tunapenda nyumba mbili za katikati ya mji. Casa de la Memoria, mtaa wa Cuna, ni ukumbi mdogo ambao watu wanakwenda kwa ajili ya muziki tu, hakuna sahani wala vijiko. Nyingine ni Museo del Baile Flamenco, makumbusho iliyoanzishwa na mcheza dansi Cristina Hoyos na kufunguliwa mwaka 2006, nayo huonyesha flamenko jioni humohumo ndani. Onyesho linachukua kama saa nzima. Katika kumbi za aina hii kiingilio huwa euro 20 na kitu, ingawa bei hupanda msimu wa watalii. Viti vichache, kwa hiyo kununua mlangoni ni kubahatisha. Nunua wiki mbili kabla, na fika mapema, maana sehemu nyingine anayewahi ndiye anayechagua kiti. Kaa upande anaokaa mpiga gitaa kama unaweza.

Kisha kuna tablao zenyewe, yaani kumbi za flamenko zenye meza, vinywaji na chakula. Hizi ni warithi wa mikahawa ya nyimbo ya karne ya 19, ambapo flamenko ilianza kuwa kazi ya kulipwa. Los Gallos, kwenye uwanja wa Santa Cruz, ilifunguliwa 1966, na El Arenal ilianza 1975. Wasanii wa tablao wanaweza kuwa hodari sana, hilo tulitamke wazi, kwa sababu wapo watu wanaozidharau tablao zote kwamba ni za watalii. Wakubwa wengi wa fani hii walijifunzia kazi huko, kila usiku, mbele ya wageni. Tofauti iko kwenye tiketi. Ukichukua tiketi ya kinywaji peke yake unalipa kidogo na mara nyingi unakuwa umekuja kusikiliza. Ukichukua ya chakula kamili bei inaweza kukaribia kuongezeka maradufu. Kwa wateja wetu Waislamu: hicho kinywaji si lazima kiwe mvinyo, omba maji, soda au juisi, hakuna atakayekushangaa. Vitafunio vya mezani ndivyo vya kuangalia, kwani nyama ya nguruwe iliyokaushwa imo karibu kila sahani ya mchanganyiko.

Triana tunaulizwa sana. Ni mtaa wa ng'ambo ya mto Guadalquivir, unavuka daraja la Isabel wa Pili kwa miguu, na ni kweli kwamba familia za Wagitano, yaani Waroma wa Hispania, za Triana zilitoa waimbaji wakubwa. Lakini usiende ukitegemea kuisikia flamenko ikitoka madirishani. Miaka ya 1950 na 1960 familia nyingi zilihamishwa kutoka zile nyumba zao zilizozunguka ua mmoja na kupelekwa kwenye majengo ya pembezoni mwa mji. Nyimbo zilihama na wenyewe. Inauma kuliandika hili huku vipeperushi vinavyogawiwa darajani vinaahidi "Triana halisi". Nenda Triana kwa matembezi, kwa soko, kwa vigae vyake vya rangi. Ukiona ukumbi mzuri huko, ingia, ila uuchague kwa vigezo vilevile vya chumba na sauti.

Kama una siku ya ziada na moyo wa kusikiliza, sisi tungekupeleka Jerez de la Frontera, kama saa moja hivi kwa treni. Huko kuna peña, vyama vya wapenzi wa flamenko, watu wa mtaa wanaochangishana ili waendeshe ukumbi wao wenyewe. Sevilla pia zipo, Torres Macarena ikiwa mojawapo inayojulikana sana. Onyesho la peña huenda likachelewa kuanza, na hadhira ni wazee wanaojua kila shairi. Huko ndiko nilikosikia ukumbi mzima ukinyamaza mpaka barafu kwenye glasi ikasikika, kisha mzee mmoja akasema "olé" kwa sauti ya chini kabisa, kama anamjibu mtu. Sipeleki kila mteja huko. Mwenye watoto wadogo, au aliyechoka na safari ya ndege, atafaidi zaidi saa moja ya Casa de la Memoria. Na kabla ya kuja na watoto uliza, maana baadhi ya kumbi haziwaruhusu walio wadogo sana.

Sisi tuliokulia kwenye taarabu tuna la kujifunza kidogo kuhusu kukaa. Kwetu ukiguswa na ubeti unainuka, unakwenda kumtunza mwimbaji, na hiyo ni heshima. Kule hakuna anayeinuka. Na hayo makofi unayoyasikia jukwaani si ya kufurahia, ni ala: wapo watu wanaolipwa kupiga makofi kwa hesabu, makavu na ya kiganja kilichokunjwa, na hadhira ikijiunga nao inamvurugia mcheza dansi. Subiri mpaka asimame. Simu pia iache mfukoni, kumbi nyingi zinaruhusu picha mwisho tu, wanapofanya ile bulería ya kuagana na hata mwimbaji anacheza hatua mbili tatu.

Usishangae ukiona mtu amekaa juu ya sanduku la mbao akilipiga kwa viganja. Hilo ni cajón. Lilibuniwa Peru na watu wa asili ya Afrika waliokuwa watumwa na wazao wao, na likaingia kwenye flamenko miaka ya 1970 mwishoni kupitia mpiga gitaa Paco de Lucía. Leo huwezi kuliondoa. Wateja wetu wengi wakiambiwa hilo kabla ya kuingia, hulisikiliza kwa sikio jingine.

Kuhusu tarehe, Septemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili Sevilla huwa na Bienal de Flamenco, tamasha lililoanza 1980, na hapo majukwaa makubwa yanakuwa na wasanii ambao hutawaona tablao, ila hoteli zinapanda bei. Wiki ya Pasaka mji mzima huwa kwenye maandamano ya kidini, na kumbi nyingine hubadilisha ratiba au kufunga. Feria, sherehe kubwa ya mji ya majira ya kuchipua, inapendeza, lakini ngoma wanayocheza watu kwenye mahema ni sevillanas, ngoma ya sherehe, wala si hii tunayoizungumzia. Julai na Agosti joto linafika nyuzi 40, tafuta onyesho la usiku.

Ofisi yetu haipokei kamisheni kutoka ukumbi wowote. Tunatoza ada ya kukukatia tiketi na unaiona kwenye risiti peke yake. Tunalisema kwa kuwa mapendekezo mengi ya mapokezi ya hoteli yana kamisheni ndani yake, na kamisheni hutoka zaidi kwenye tiketi za chakula. Ukituandikia, tutajie tarehe zako, idadi ya watu na umri wa watoto, na kama mnaweza kukaa saa nzima kimya. Orodha ya migahawa iliyo jirani na ukumbi tutakutumia pamoja na tiketi.