Barua kwa Baba: Kichwa cha Dizeli Kwenye Maonyesho ya Berlin

Berlin, 6 Oktoba 2024

Baba, shikamoo. Mama naye shikamoo yake, na wadogo zangu wote nawasalimu. Mimi mzima, baridi imeanza lakini kazi zinaenda. Pesa ya dawa za Mama nimeituma Ijumaa kwenye simu ya dada. Akisahau kuwapa, mnaruhusiwa kumkumbusha kwa sauti.

Siku ile tulipoongea mtandao ulikuwa unakatika, ukasikia "treni" na "maonyesho" ukadhani nimeacha kazi. Sijaacha. Ni kichwa cha treni tulichokipiga rangi sisi, kimepelekwa InnoTrans, yale maonyesho ya reli yanayofanyika hapa Berlin kila baada ya miaka miwili. Mwaka huu yalikuwa tarehe 24 hadi 27 Septemba. Ukumbi wenyewe ni mabanda makubwa karibu na mnara wa redio wa zamani, na nje wametandika reli zenye jumla ya kilometa 3.5, kwa ajili ya kuegesha vichwa na mabehewa tu. Watu wanatembea katikati ya treni kwa viatu vya ofisini. Bosi alinipeleka na ndoo, vitambaa laini na kopo dogo la rangi, nikae karibu na kichwa chetu nirekebishe kila kitakachochubuka.

Najua wewe fundi wa treni utakachosema: rangi haivuti behewa. Umeniambia hivyo tangu nilipoikataa nafasi ya mafunzo ya umakanika. Basi leo nikueleze kazi yenyewe, maana nadhani hujawahi kunipa nafasi ya kuieleza mpaka mwisho.

Kichwa hiki kina ekseli nne. Njia kuu nyingi za huku zinaruhusu tani 22.5 kwa ekseli moja, kwa hiyo kichwa cha namna hii hakitakiwi kuvuka tani 90. Bodi la kichwa likitoka kwa wachomeleaji linaingia kwenye chumba ambacho linapigwa na chembechembe za chuma kwa hewa ya kompresa, mpaka kutu na mafuta yote yatoke na chuma kiwe cha kijivu na chenye kukwaruza. Ukikishika kwa mkono mtupu hapo umeshaharibu, jasho linaacha alama. Kisha praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma, halafu puti ya kujaza mabonde, halafu msasa. Msasa ndio kazi yenyewe, Baba. Rangi ya kung'aa haifichi bonde, inalitangaza. Ubavu wa kichwa ni mrefu, na taa za banda la maonyesho zinaupiga kwa pembeni, kwa hiyo kila wimbi dogo lililoachwa na joto la kuchomelea linaonekana. Tunapapasa kwa kiganja huku tumefumba macho, maana mkono unagundua kabla ya jicho.

Na kuna hili la hewa. Hatupulizi rangi mpaka tupime joto la chuma na unyevu wa chumba. Chuma lazima kiwe juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa unageuka matone, kwa nyuzi 3 au zaidi, la sivyo unyevu usioonekana unakaa chini ya rangi, na baada ya mwaka inaanza kuvimba malengelenge. Nikakumbuka asubuhi za Morogoro, ukungu umeshuka kutoka Uluguru na bomba zote za karakana zinatoa jasho. Mlikuwa mnasubiri jua kwanza, au mlikuwa mnapaka tu?

Rangi yenyewe ni buluu iliyokolea, na mstari wa njano unaotoka puani na kupinda kwenda chini ya dirisha la dereva. Mstari ule ulinipa tabu kuliko buluu yote. Tepu ya kawaida haipindi vizuri, kwa hiyo unatumia ile nyembamba inayovutika, unaibandika kwa pumzi moja. Juu ya vyote inakuja varnishi ngumu, ili vijana wa mitaani wakichorachora usiku pafutwe bila kula rangi. Mwisho namba: 92 80 na kuendelea. Hiyo 92 maana yake kichwa cha dizeli cha njia kuu, 80 maana yake kimesajiliwa Ujerumani. Namba hizo nilizipuliza mimi.

Siku hizi vichwa vingi havipigwi rangi ya kampuni tena, vinavishwa stika kubwa. Vinakodishwa leo kwa huyu kesho kwa yule, na stika inabanduliwa kwa siku chache. Kibiashara nawaelewa. Lakini siku ya pili ya maonyesho mzee mmoja wa Kijerumani, ana kofia ya reli na mkoba wa ngozi uliochakaa, alisimama mbele ya mstari wangu wa njano muda mrefu. Akatoa kidole, akapitisha ukucha kutoka kwenye buluu kwenda kwenye njano, taratibu, akitafuta ukingo wa stika. Hakuupata. Akanitazama nilivyoshika kitambaa, akatikisa kichwa kukubali, kisha akapiga magoti palepale na suruali yake safi akachungulia chini ya fremu. Hapo nilikuona wewe kabisa.

Na huko chini kulikuwa na jibu lako. Chumba cha injini tumekipaka rangi nyeupe, fremu na bogi, ile fremu ya magurudumu, kijivu cha kufifia, si cheusi. Fundi wa kule aliniambia sababu: mafuta yakivuja hata tone, au chuma kikianza ufa, pale peupe panaonyesha mapema. Cheusi kingeficha. Kwa hiyo ni kweli, rangi haivuti behewa, lakini inamwambia fundi wapi pa kuweka spana. Hili nadhani ulikuwa unalijua miaka yote na ulininyima makusudi.

Kuhusu injini utaniuliza, kwa hiyo najibu kwa kifupi. Moshi mweusi wa vile vichwa vya dizeli vya namba 88 vya Kanada vikipanda mlima na mzigo, huku injini mpya hairuhusiwi kuutoa. Kanuni za Ulaya zinazotumika kwa injini mpya za vichwa zinaweka mipaka mikali ya masizi na gesi chafu, kwa hiyo nyingine zinawekewa vichujio vya masizi, na nyingine ndani ya ekzosi inapulizwa urea iliyoyeyushwa kwenye maji safi ili kupunguza gesi hizo. Ndiyo, urea, ile ya shambani kwa mama mdogo. Na baadhi ya vichwa vya huku vinajazwa dizeli iliyotengenezwa kwa mafuta ya kupikia yaliyokwishatumika. Mama asije akaanza kukusanya yale ya maandazi.

Nilikwenda pia kusoma habari za zamani, maana mji huu una historia na vitu hivi. Mwaka 1879 Werner von Siemens alionyesha hapahapa Berlin, kwenye maonyesho ya viwanda, kichwa kidogo cha umeme kilichozungusha watu kwenye reli ya mita 300. Na kichwa cha kwanza kikubwa cha dizeli kilikamilika mwaka 1912, Rudolf Diesel mwenyewe akiwa mmoja wa waliokibuni; fremu yake ilitengenezwa na Borsig wa Berlin, injini ikatoka Sulzer wa Uswisi. Injini ilifungwa moja kwa moja kwenye magurudumu, hakuna gia wala jenereta, kwa hiyo kilianza kuondoka kwa hewa iliyobanwa mpaka kishike mwendo ndipo dizeli iwake. Wewe unajua kuliko mimi kwa nini kilishindwa. Mwaka huohuo, reli ya kwetu waliyokuwa wanaijenga Wajerumani haohao ilikuwa inafika Tabora, na vichwa vyake ni vya mvuke.

Watu wengi kwenye maonyesho walikuwa wanakimbilia treni za betri na za hidrojeni. Mmoja akaniuliza dizeli bado inatafuta nini hapa. Nikamwambia njia zisizo na waya wa umeme bado ni nyingi, hata Ujerumani. Nasikia kwenu hapo Morogoro SGR ya umeme inapita kimya. Je, Mama ameshapanda? Na wewe umekubali kupanda, au bado unasema treni isiyo na mlio si treni?

Nina swali moja la kikazi. Ule wekundu uliokolea wa vichwa vya enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kabla haijavunjika mwaka 1977, nani alikuwa anauchanganya? Ulikuja tayari kwenye makopo, au kulikuwa na mtu karakanani aliyejua vipimo? Kama yupo hai, naomba umtafute, niongee naye.

Picha nimemtumia mdogo wangu kwa WhatsApp. Akuonyeshe, lakini usiangalie ile ya puani kwanza. Angalia ile niliyopiga nimelala chini, uikuze, halafu uniambie kama ungekipokea kichwa hicho karakanani kwako au ungekirudisha.

Mwanao