Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mafuta ya nazi tunayajua sasa, bado kuyauza

Assalaam alaykum mama zangu na dada zangu. Naandika kwa wote, hata wenzetu wa Chole na Jibondo ambao bahari iliwazuia kufika mkutano wa Kilindoni, hapa Mafia.

Mafunzo yamefanyika, hilo halina ubishi. Zamani wengi tulijua ya kuchemsha tu, unakuna, unakamua tui, unakaa na moshi mpaka mafuta yaelee, sasa hivi hata bibi zetu kikundini wanatoa ya baridi, tui linalala usiku kucha asubuhi wanachota mafuta juu, meupe hayana harufu ya moshi.

Ila jamani chupa! Nimesema mpaka nimechoka. Chupa ikioshwa ikauke kabisa, maji kidogo tu yakibaki mafuta yanachacha, na mteja akishanusa harudi tena. Kuna mzigo wa Mbagala umerudishwa kwa hilo hilo.

Mteja wa Iringa yeye alipiga simu anafoka eti tumemchanganyia, kisa yameganda. Mafuta ya nazi chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, sisi huku na joto letu hatulioni, Iringa asubuhi ni kawaida. Nikamwambia ayaweke juani, baadaye katuma picha anacheka na kaagiza tena. Lebo mpya iandikwe hilo.

Bei sasa. Lita moja ya baridi inaweza kula nazi 15, anayesema tunauza ghali hajapiga hesabu. Kinachoniuma ni sisi wenyewe kumpa mchuuzi nazi nzima nzima pale gatini, wakati makumbi yanatoa usumba wa kamba, vifuu vinatoa mkaa na machicha kuku wanakula. Najua mtoto akirudishwa nyumbani kutoka shule huwezi kusubiri mafuta yauzike, silaumu mtu, lakini angalau nusu ibaki kikundini basi.

Barua ya SIDO, wale wa viwanda vidogo, tunayo, zimebaki sampuli za TBS, shirika la viwango. Bila ile alama supamaketi za Dar hazitupokei, tutaendelea kuuziana kwa kujuana.

Sabuni inaendelea vizuri ila kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, haipimwi kwa macho, mizani iko kwa katibu, kaazimeni, na glavu mvae.

Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake inayotengwa kwa wanawake, katibu anakusanya majina. Mapato na matumizi mweka hazina atasoma Jumamosi, mje na vitabu vyenu vya hisa.