Mshahara wa shantie na miezi isiyo na shantie

Bwana Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lenu liliwashauri vijana wanaomaliza sekondari wasomee ujenzi, kwa sababu Lubumbashi inajengwa kila upande. Kweli inajengwa, na mimi nimekula bukari (ugali) ya kazi hiyo tangu 2009. Lakini Jumapili mtoto wa kaka yangu alikuja na gazeti lenu mkononi, akaliweka pembeni ya sahani, akaniuliza: "Baba mudogo, banalipaka ngapi?" Nilishindwa kumjibu kwa neno moja. Ndiyo sababu ya barua hii.

Mimi ni msimamizi wa shantie, yaani mahali panapojengwa. Mwaka wa kwanza nililipwa dola 250 kwa mwezi, kwenye jengo la ghorofa mbili Kampemba. Leo nikipata shantie nzuri nalipwa 700. Ukiisikia 700 unadhani mtu ameshafika. Basi tufungue daftari langu. Shantie ya mwisho niliyoikamilisha ilianza Mei, udongo ulipokauka, ikaisha Septemba. Nikashika nyingine Oktoba. Mwisho wa Novemba mvua ikatukuta bado tuko kwenye msingi, mitaro ikajaa maji, mwenye jengo akasema tungoje. Desemba hakuna kitu. Januari hadi Aprili, hakuna. Hiyo ni miezi saba ya kazi, na ule wa Novemba sijalipwa hadi leo. Mara 700 kwa sita ni 4,200. Gawanya kwa miezi 12, unabaki na dola 350. Mshahara wangu ndio huo. Miezi mingine nyumba ilishikwa na mama ya watoto, anayeuza samaki wakavu sokoni Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi, wala hakuna siku aliyoniuliza cheti changu kina faida gani. (Mama mkwe aliuliza.)

Kwa hiyo kijana akija kuuliza mshahara, aambiwe kwanza aulize mkataba unakwenda miezi mingapi, na nani anaulipa mwezi wa mvua.

Masoni (waashi) na vibarua wana hali mbaya kuliko yangu. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inasema mtu anayeajiriwa siku kwa siku akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akiitwa tena kabla miezi hiyo kuisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa kudumu. Sheria nzuri, na mabosi wanaijua kuliko wafanyakazi. Nimefanya kazi mahali ambapo karani wa daftari la siku alikuwa anaweka alama ndogo ya kalamu nyekundu kwenye siku ya 20. Asubuhi inayofuata anaita majina getini: "Beye muende mupumzike kwanza, tutabaita." Masoni mmoja, fundi wa kona ambaye ukuta wake hauna haja ya kupimwa mara mbili, alipumzishwa hivyo mara nne kwenye jengo moja. Kima cha chini cha kibarua kilikuwa franga 7,075 kwa siku tangu 2018, na mwaka 2025 serikali ikakipandisha hadi 14,500. Ni vizuri. Lakini kima cha siku hakimsaidii mtu ambaye siku zenyewe zimekatwa.

Sasa niseme lililonipata mimi. Tulikuwa tunajiandaa kumwaga dali, yaani sakafu ya betoni (zege) ya ghorofa. Betoni ya dali tunaipanga kilo 350 za sima (saruji) kwa mita moja ya ujazo, yaani mifuko saba ya kilo 50. Mwenye jengo akaja mwenyewe, akahesabu mifuko iliyopangwa chini ya hema, akanivuta pembeni. "Engeniere, tia mitano tu. Hii sima ya Zambia iko na nguvu." Nikakataa. Ilikuwa kama saa sita mchana, betoniere inazunguka tupu, mchanga na kokoto vimeshapimwa, masoni wameegemea pawuro zao wanatutazama. Jioni nikapigiwa simu kwamba nafasi yangu imepata mtu. Aliyekuja baada yangu alikuwa kijana mwenye cheti cha juzi na mtoto mchanga nyumbani, na simlaumu sana. Dali ile ipo. Kila nikipita njia ile natazama chini ya mihimili kama nyufa zimeanza. Mwezi ule nao uingizwe kwenye ile hesabu ya miezi isiyo na mshahara.

Mliandika pia juu ya kupanda cheo. Katika wenzangu niliosoma nao, wachache waliingia migodini, Fungurume na Kolwezi, na wanalipwa vizuri wakati mradi upo. Aliyetupita wote ni mmoja ambaye darasani alikuwa anachora mistari iliyopinda. Yeye alijua kuhesabu: matofali mangapi, safari ngapi za mchanga, siku ngapi, nani alipwe lini. Ana kampuni yake ndogo sasa. Sheria ya 2017 imewatengea kazi za ukandarasi mdogo, zile ambazo kampuni kubwa inaipa kampuni nyingine, wenye kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji iko mikononi mwa Wakongomani, na kanuni ya madini ya 2018 inazitaka kampuni za migodi zitoe asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya vijiji vinavyozizunguka. Kwa hiyo kuna shule, zahanati na visima vya kujenga. Lakini kazi hizo haziombwi kwa ramani peke yake. Wanataka bei iliyochambuliwa, ratiba ya wiki kwa wiki, karatasi za kodi na za CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), na hayo sisi tulifundishwa kwa haraka mwishoni mwa mwaka, wakati tunawaza mtihani wa betoni.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilichukua kazi ya ukuta wa parseli (kiwanja) moja komini Annexe, nikatoa bei kama ya uwanja tambarare. Kumbe katikati ya mstari wa ukuta kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko nyumba, chenye mti juu yake. Nilikiona kwa macho, ila kwenye karatasi sikukiandika. Watu sita walikichimba siku tisa kwa sururu, na faida yangu yote ikaishia pale. Kilichoniuma zaidi, nililipa tena lori kuuhamisha udongo ule, na jirani akaomba umwagwe kwake. Mwezi wa pili alikuwa anachoma matofali. Matofali ya Lubumbashi yanatoka wapi kama si kwenye vichuguu? Mtu aliyezaliwa Katuba kama mimi alipaswa kulijua hilo kabla ya kwenda chuo.

Ombi langu kwenu, Bwana Mhariri: kila mwisho wa mwezi tupeni bei ya mfuko wa sima, bei ya elfu moja ya matofali, na siku ya masoni inalipwa ngapi Ruashi, Kampemba na Kenya. Nafasi ndogo tu, hata pembeni ya matokeo ya mpira.

Yule mtoto wa kaka bado anangoja jibu. Jumamosi atakuja shantie. Nimemwambia aache kikokotoo cha simu nyumbani, alete mita na kalamu. Kuna kichuguu kingine, na safari hii bei anaiandika yeye.

Msimamizi wa shantie,
Katuba, Lubumbashi