Risala ya Kikundi cha Wazee Waswahili wa Adelaide kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mzee wetu wa watu wa Kaurna, Waaborijini wenye asili ya ardhi hii ya Adelaide, Australia,
Viongozi wa dini, wauguzi, wazee wenzangu, vijana na watoto,

Shikamoo. Kwetu mtu haingii mji wa watu bila kupiga hodi. Sisi tulishushwa hapa na ndege kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma na kwingineko, tukakabidhiwa funguo za nyumba, lakini wenye ardhi hatukuwabishia hodi. Leo tunapiga hodi. Tumesikia kwamba kwenu mzee huitwa Shangazi au Mjomba hata kama hamna damu moja. Nasi ndivyo tulivyolelewa, kwa hiyo turuhusu tukuite Shangazi.

Kikundi chetu kilianza na akina mama 6. Hukutana kila Jumatano katika ukumbi wa kanisa kupima presha, kunyoosha viungo na kupika. Wenye magoti mabovu hufanya mazoezi wakiwa vitini. Siku moja muuguzi alituomba tumwage kiganjani chumvi tunayotia katika sufuria moja ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kiganja kilijaa! Tangu siku hiyo tunaipima kwa kijiko cha chai, na ndimu inafanya kazi iliyobaki.

Shangazi, linalotuuma ni lugha. Mwenzetu mmoja mwenye kisukari alikwenda kliniki na mjukuu wake wa miaka 11 awe mkalimani. Daktari alizungumzia figo. Mtoto hakulijua neno hilo, akasema "tumbo". Bibi akarudi nyumbani, akanywa tangawizi miezi miwili. Namba ya wakalimani, 131 450, inapokea usiku na mchana, na daktari wa mtaani hatozwi kitu. Siku ile hakuna aliyeipiga.

Ndiyo maana tumekuita wewe. Mwaka 1971, Waaborijini wa Redfern, Sydney, walifungua zahanati yao wenyewe kwa sababu kwingine walikuwa wakidharauliwa. Mwaka 2000, wachoraji wa Kipintupi, Waaborijini wa jangwani, walichora picha zikanadiwa Sydney, zikaleta zaidi ya dola milioni 1, ili wagonjwa wa figo wa kijiji chao cha Kintore wasafishiwe damu kwao, badala ya kuhamia mji wa Alice Springs, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwa wajukuu wao. Jumatano tuliyosimuliwa habari hiyo, ukumbi ulinyamaza. Wengi wetu tunajua uchungu wa kuugulia mbali na kwenu.

Tunaomba utukutanishe na wahudumu wa afya wa jamii yako, watuonyeshe walivyowafundisha watu wao. Tunao vijana wanaojua Kiswahili na wako tayari kujifunza kazi hiyo.

Tunaomba pia utusemee kuhusu umri. Huduma za wazee huanzia miaka 65, na kwa watu wako 50, kwa kuwa shida huzeesha mwili mapema. Baadhi yetu karatasi zetu zinasema tumezaliwa 1 Januari, mwaka uliokisiwa mezani na karani wa kambi. Yupo mzee humu mwenye vitukuu ambaye kwa karatasi bado ni kijana wa kazi.

Zawadi yetu ni kitenge. Kimekunjwa na yule bibi wa tangawizi, ambaye sasa anatibiwa figo, na ameomba akuvishe kwa mikono yake.

Naomba kuwasilisha.