Ukija Pemba, ditekta iache huko huko

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum wa rahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo. Karafuu mwaka huu hazikuzaa za kusema, lakini bahari inatulisha, alhamdulillahi. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kucheka. Ati umejiunga na chama cha watu wa ditekta, hiyo mashine inayolia ikipita juu ya chuma kilichofukiwa, huko Uingereza, na likizo hii unataka uje na mashine yako upite kwenye viwanja vyetu kabla nyumba hazijajengwa! Sheha nimemweleza. Alichosema sikiandiki.

Viwanja ni kweli vinatayarishwa, pale nyuma ya skuli kwenye ile mihogo ya kina bibi. Kwa kuwa hatuko mbali na Tumbe, penye mabaki ya mji wa kale, uchimbaji wote unasimamiwa na watu wa mambo ya kale. Mimi nimepata kibarua cha kuchekecha udongo, ndiyo maana nakuandikia kwa jeuri.

Kijiko, yaani lile gari la kuchimbia, kimefungwa ndoo isiyo na meno, kinaparua udongo wa juu kidogo kidogo, na mbele yake kasimama mama mmoja, mtaalamu, mkono hewani. Akikunja ngumi, dereva husimama papo hapo. Siku za mwanzo dereva alikuwa akinuna, sasa yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele, "Bibie, hapa pana weusi!" Kinachotafutwa khasa ni hiyo rangi. Duara jeusi pengine ni shimo la nguzo. Udongo mwekundu ulioiva kwa moto, wenye alama za fito, pengine ni ukuta wa nyumba iliyoungua. Hapo kijiko hukaa kando, tukaingia na miko ya uashi.

Ditekta nayo ipo. Kijana hupita nayo juu ya sehemu iliyoparuliwa, kisha juu ya lundo la udongo uliotolewa. Ikilia, huchomeka kibendera tu. Hachimbi mpaka mahali papimwe na kuandikwa. Na inalia, wallahi! Misumari ya mabati, vifuniko vya soda, betri za redio, ulimi wa mbuzi ya kukunia nazi ambao bibi mmoja aliudai kuwa ni wa mamake akaondoka nao. Cha maana mpaka leo ni mavi ya chuma, yaani taka zibakiazo chuma kikiyeyushwa, na pesa moja ya shaba ya Sayyid Barghash, ile yenye mizani, ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Wazee walikuwa washasema pana mali ya Wareno inayolindwa na jini. Huku kila cha zamani ni cha Wareno, na kisipokuwa chao basi ni cha Wadebuli, wale wageni wa hadithi za wazee. Babu zetu wenyewe hatuwapi hata kigae.

Na Tumbe je? Watu walikaa pale tangu karne ya 7 hadi ya 10, eneo la kupita hekta 20, katika nyumba za miti na udongo kama tulizozaliwa mimi na wewe. Wataalamu wa mambo ya kale Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walipochimba walikuta kwa wingi vigae vyenye mifereji, vya kusugulia shanga, na vipande vya mitungi iliyotoka Ghuba ya Uajemi. Hebu niambie, ditekta yako ingelilia kwa kipi hapo? Ungelipita juu ya mji wa watu ukaenda zako ukisema hapana kitu.

Najua utanijibu Mtambwe Mkuu. Kila mwenye hamu ya kuchimba Pemba hunitajia Mtambwe. Ndiyo, mwaka 1984 mtaalamu wa mambo ya kale Mark Horton na wenzake walikuta pale sarafu zaidi ya 2,000, karibu zote za fedha na ndogo ndogo, pamoja na dinari chache za dhahabu za Kifatimiya, watawala wa Misri wa zama hizo. Zile za fedha zina majina ya watawala wa pwani hii na maneno ya Kiarabu yenye vina, lakini hazina mwaka. Dinari ndizo zenye mwaka. Ni kwa kukutwa pamoja ndipo ikajulikana kwamba katika karne ya 11 watu wa huku walikuwa tayari wana sarafu yao. Sasa fikiri mtu angewahi usiku na mashine, akachomoa dhahabu akampelekea sonara. Majina yangebaki kwenye fedha, na zama zao zisijulikane.

Unasema huko mwenye shamba akikuruhusu unapita, na hazina yenye zaidi ya miaka 300 unairipoti ndani ya siku 14. Sikubishii, ni sheria yao. Lakini hapa Zanzibar ardhi ni ya umma, huyo mwenye shamba wa kukuruhusu utamtoa wapi? Na kuchimba mambo ya kale kunataka kibali cha serikali.

Ukifika kabla ya masika, nimeshakuombea nafasi ya kuchekecha. Malipo kidogo, vumbi jingi. Njoo na miwani yako ya kusomea, maana shanga nyengine ni ndogo hata hupenya kwenye tundu za chekeche. Na lile koti la mvua nililokuagiza usilisahau; chukua saizi kubwa zaidi, nimenenepa.

Wasalimie watoto na mama yao.

Wasalaam,
Sahibu yako